Kufuli Li Zima, Anayewindwa ni Mwenye Ufunguo

(Mhadhara huu ulitolewa Mombasa mbele ya vijana wa kiume na wa kike, usiku mmoja wa Ramadhani baada ya Taraweh. Tumeuandika karibu kama ulivyosemwa, na mwishoni tumetia maswali mawili yaliyoulizwa.)



Alhamdulillahi. Nawashukuru wazee waliotupa nafasi hii, akina mama walioko upande wa pili wa pazia, na nyinyi vijana wenzangu ambao saa hizi mngeweza kuwa barazani mkinywa kahawa. Sitawaweka sana. Daku iko mbele yetu, na naona pale nyuma kuna watu wameanza kusinzia kabla sijasema neno.

Mada niliyopewa ni akili bandia na siri zetu. Imetokana na kisa kidogo. Kijana mmoja alinionyesha meseji inayozunguka kwenye magrupu. Meseji yasema ati akili bandia imeshavunja makufuli yote ya kompyuta, kwamba WhatsApp iko wazi, benki iko wazi, M-Pesa iko wazi, na kila mtu atoe pesa zake haraka. Akaniuliza, "Mwalimu, ni kweli haya?"

Jibu nalitoa sasa hivi, ili hata anayesinzia aende nyumbani nalo. Si kweli. Kufuli halijavunjwa. Lakini usifurahi ukalala, kwa sababu mwizi mwenye akili havunji kufuli. Humtafuta mwenye ufunguo. Na katika kazi hiyo ya kumtafuta mwenye ufunguo, akili bandia ni hatari kuliko mwizi yeyote tuliyepata kumjua.

Hayo mawili ndiyo mhadhara wangu wote. Yaliyobaki ni maelezo.

FUMBO NA WAFUMBUZI

Kuufunga ujumbe ili asiyehusika asiuelewe, wataalamu huita usimbaji. Ni jambo la zamani. Tuchukue mfano wa Ramadhani. Nataka kumwandikia rafiki yangu neno FUTARI, na sitaki mwengine alijue. Basi kila herufi naiweka ile inayoifuata katika alfabeti. F inakuwa G, U inakuwa V, T inakuwa U. Naandika GVUBSJ. Mtu akiokota hiyo karatasi ataona takataka. Rafiki yangu anajua siri, anarudi nyuma herufi moja moja, anasoma futari na anakuja kula.

Sasa, anayeokota karatasi afanye nini? Hapa ndipo napenda vijana wetu wajue historia yao. Huko Basra katika karne ya 8 alikuwako al-Khalil ibn Ahmad, bwana mwenye asili ya Oman, yule aliyeanzisha kamusi ya Kiarabu na elimu ya mizani ya mashairi. Inasimuliwa kwamba aliletewa barua ya fumbo iliyoandikwa kwa Kiyunani, akaifumbua. Alipoulizwa amewezaje, akasema alikisia kwamba barua lazima ianze kwa jina la Mungu, akazilinganisha zile herufi za mwanzo, na kutoka hapo akaendelea.

Baadaye kidogo, katika karne ya 9, akaja al-Kindi huko Baghdad. Yeye hakutaka kukisia. Alitaka njia inayofanya kazi kila mara. Akaandika risala juu ya kufumbua maandishi ya siri, risala ambayo ilipatikana tena Istanbul mwaka 1987. Njia yake ni nyepesi kuieleza. Chukua maandishi ya kawaida ya lugha ile, hesabu kila herufi inatokea mara ngapi. Kisha chukua fumbo, hesabu alama zake. Alama inayotokea sana katika fumbo, yaelekea ni ile herufi inayotokea sana katika lugha.

Jaribuni wenyewe kwa jarida hili. Chukua ukurasa mmoja wa Kiswahili, hesabu. Utaona "a" inazipita herufi zote kwa mbali. Basi ukiokota barua ndefu iliyofungwa kwa njia ile yangu ya futari, utakuta B zimejaa kila mahali. Utasema, hii B ni "a". Kufuli limeanza kulegea. Mwaka 1586 Malkia Mary wa Scotland alinaswa kwa elimu ya namna hii. Barua zake za siri zilifumbuliwa, na mwaka 1587 akakatwa kichwa.

Kwa nini nawaeleza haya? Kwa sababu akili bandia ni kitukuu wa al-Kindi. Msiogope jina. Akili bandia ni mashine iliyolishwa mifano mingi sana, maandishi, sauti, picha, ikahesabu kinachofuatana na kingine, ikaujua mtindo, halafu ikakisia kwa mtindo huo. Al-Kindi alihesabu herufi kwa kalamu. Mashine huhesabu mabilioni. Lakini kazi ni ile ile ya kutafuta mtindo uliojificha.

KILINDINI, MWAKA 1942

Kabla sijafika kwenye simu zetu, nipitie hapa hapa mjini. Wangapi wenu wanaijua Shule ya Allidina Visram? Naona mikono. Basi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Waingereza walikuwa na kituo chao cha kusikiliza na kufumbua meseji za Wajapani. Kilikuwa Singapore, kikahamishiwa Colombo. Wajapani waliposhambulia Colombo kwa ndege mwezi wa Aprili 1942, wengi wa wataalamu wale waliletwa Mombasa, wakawekwa katika jengo la shule ile. Wenyewe walikiita kituo cha Kilindini.

Meli za biashara za Wajapani zilitumia fumbo moja ambalo Waingereza walilipa jina JN-40. Lilikuwa gumu. Waingereza walidhani limejengwa kwa namna moja, kumbe limejengwa kwa namna nyengine kabisa. Mwezi wa Septemba 1942 Mjapani mmoja aliyekuwa akituma habari za meli alisahau kutaja meli iko wapi. Badala ya kutuma meseji fupi mpya, alichukua meseji ile ile, akaongeza mahali pa meli, akaifunga tena kwa ufunguo ule ule na kuituma upya. Basi! Wataalamu wa Kilindini, John MacInnes na Brian Townend, waliziweka meseji mbili kando kando, wakaona kipi kimebadilika na kipi hakikubadilika. Kufikia Novemba walikuwa wanazisoma meseji zile kadiri zinavyoingia, na za nyuma pia.

Hebu liangalieni jambo hili vizuri. Fumbo lilikuwa gumu. Lililoliangusha ni mtu mmoja aliyechoka, akafanya kazi kwa njia ya mkato. Kufuli lilikuwa zima mpaka mwenye ufunguo alipoteleza.

KUFULI LA LEO

Sasa tuje kwenye simu. Makufuli ya leo yalitengenezwa na watu waliomsoma al-Kindi na wote waliokuja baada yake. Walijua adui atatafuta mtindo. Kwa hivyo walitengeneza hesabu inayouchanganya ujumbe, ikauvuruga, ikauchanganya tena, raundi baada ya raundi, mpaka kinachotoka hakina mtindo wowote wa kushika. Ukihesabu alama zake utakuta zote ziko sawa sawa. Al-Kindi mwenyewe angeweka kalamu chini.

Kinachobaki kwa adui ni kujaribu funguo moja moja. Hapo ndipo urefu wa ufunguo unapokuwa ngao. Mwaka 1977 Marekani ilitoa kufuli rasmi lililoitwa DES. Ufunguo wake ulikuwa wa biti 56, yaani funguo zipatazo elfu 72 za trilioni. Nyingi, si ndio? Lakini mwaka 1998 watu walitengeneza mashine moja kwa chini ya dola 250,000, ikaupata ufunguo kwa saa 56. DES ikazikwa. Mwaka 2001 ikaletwa AES, iliyobuniwa na Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen. Ufunguo wake mfupi kabisa ni wa biti 128.

Mtu atasema, 56 na 128, mbona si mbali? Ndugu yangu, kila biti moja ikiongezwa, kazi inazidi mara mbili. Idadi ya funguo za biti 128 ni namba yenye tarakimu 39. Chukua kompyuta bilioni moja, kila moja ijaribu funguo trilioni moja kwa sekunde, bila kulala, bila kupatwa na umeme wa kupotea kama wetu. Kuzimaliza zote kutachukua zaidi ya miaka bilioni 10.

Je, akili bandia haiwezi kupata njia ya mkato? Wameijaribu, na si watu wadogo. Mwaka 2019 mtafiti Aron Gohr aliifundisha mashine kulishambulia kufuli dogo liitwalo Speck. Alifanya vizuri kiasi cha kuwashangaza wenzake. Lakini kufuli kamili lina raundi 22, na yeye alishambulia lililopunguzwa hadi raundi 11. Mwaka 2022 watafiti wakiwemo wa kampuni ya Meta walijaribu namna ile ile ya mashine inayotunga maandishi, wakaielekeza kwenye aina mpya ya makufuli. Ilifaulu kwa makufuli madogo yenye siri dhaifu, si yale yanayotumika. Na sababu mshaijua. Akili bandia hula mtindo. Kufuli zuri halina mtindo. Ni kama kumpa mvuvi bingwa nyavu mpya kisha ukampeleka jangwani.

Kwa hivyo ile meseji ya kwenye magrupu ni uongo. Aliyeituma kwenu, mrudishieni kwa adabu.

PANAPOVUJA

Lakini nyumba si mlango peke yake. Kuna dirisha, kuna paa, kuna ukuta unaopitisha sauti, na ndani kuna mtoto anayefungulia kila anayebisha hodi. Hapo ndipo penye kazi ya akili bandia. Nitataja sehemu tatu.

Ya kwanza ni yale yanayovuja pembeni. Chipu ikifanya hesabu ya siri hutumia umeme, na umeme huo hupanda na kushuka kidogo sana kulingana na anachokihesabu. Jicho la mtu haliwezi kuona mtindo hapo. Mashine iliyofundishwa huuona. Mwaka 2023 watafiti wa chuo cha KTH huko Stockholm walitumia akili bandia kusoma umeme wa chipu iliyokuwa ikitumia kufuli jipya la kisasa kabisa, wakapata siri yake. Hesabu ya kufuli ilikuwa nzima. Kilichosaliti ni kile kijisanduku kilichoibeba.

Mwaka huo huo watafiti wa Uingereza waliweka simu karibu na laptopu, wakarekodi mlio wa vitufe mtu anapoandika. Mashine ikatambua ni kitufe gani kwa usahihi wa asilimia 95. Walipochukua sauti kupitia mkutano wa Zoom, ikapata asilimia 93. Paswadi yako inaweza kuwa imefungwa vizuri sana kwenye kompyuta, lakini vidole vyako vimeshaitangaza.

Na Novemba 2025 watafiti wa Microsoft walieleza jambo jengine. Mtu akizungumza na mashine ya akili bandia kupitia intaneti, mazungumzo yake yamefungwa. Lakini jibu hutoka vipande vipande, na ukubwa wa vipande na nafasi kati yake vinaonekana nje. Mashine iliyofundishwa iliweza kukisia, kwa kutazama nje tu, kama mazungumzo yale yahusu mada fulani. Ni kama bahasha. Hukuifungua, lakini umeipima uzito, umeona muhuri, umejua inatoka hospitali.

Ya pili ni makosa ya mafundi. Hesabu ya kufuli hutungwa na wanahesabu, lakini programu huandikwa na binadamu kama sisi, wenye kuchoka kama yule Mjapani. OpenSSL ni programu inayofunga sehemu kubwa ya intaneti ya dunia. Mwaka 2024 Google ilitangaza kwamba zana zao za akili bandia zimegundua kosa ndani yake, kosa ambalo yaelekea lilikaa humo kwa miaka ipatayo 20 bila binadamu kuliona. Alhamdulillah safari hii aliyeliona ni mwenye kutengeneza. Lakini mjue, macho hayo hayo anaweza kuwa nayo mwenye kubomoa. Kwa hivyo simu ikikwambia "sasisha programu", usiseme nitafanya kesho.

Ya tatu, na ndiyo iliyonileta hapa usiku huu, ni sisi wenyewe.

SHANGAZI YANGU

Nitawaeleza jambo ambalo si la kujisifu nalo. Mnanijua kama mtu wa kompyuta. Nyumbani kwetu kila simu ikiharibika naletewa mimi. Shangazi yangu alikuwa mweka hazina wa kikundi chao cha akina mama mtaani, na wanafanya mambo yao yote kwenye grupu la WhatsApp. Mwaka 2023 aliniuliza, "Mwanangu, hii ni salama kweli?" Nikamjibu kwa kiburi cha mtu anayejua. Nikamwambia, "Shangazi, hii imefungwa tangu wewe mpaka yule unayemwandikia. Hata kampuni yenyewe haisomi. Usiwe na wasiwasi." Na hilo lilikuwa kweli. WhatsApp ilikamilisha kuwafungia watu wote mazungumzo yao mwaka 2016.

Ilipobaki wiki moja kufika Idd, akapata meseji kutoka kwa namba ya jirani. "Mama, nimekosea nimetuma namba sita kwenye simu yako, nirudishie tafadhali." Akaona kweli kuna namba sita zimeingia. Akazirudisha. Jirani, Ramadhani, unamnyimaje?

Zile namba sita ndizo zilikuwa ufunguo wa akaunti yake. Jirani naye alikuwa ameshaibiwa kabla yake kwa njia hiyo hiyo. Baada ya dakika chache shangazi alitolewa kwenye WhatsApp yake, na mtu mwengine akawa ndiye yeye. Akawaandikia akina mama wa kikundi, kwa jina lake na picha yake, kwamba michango ya Idd ya mayatima itumwe kwa namba mpya. Wanne walituma. Zikaenda shilingi 38,000.

Nilipofika alikuwa amekaa kwenye mkeka, hakunilaumu. Aliniambia neno moja tu. "Si ulinambia imefungwa?"

Sikuwa na jibu. Nilimweleza juu ya kufuli, sikumweleza juu ya ufunguo. Nilimpa nusu ya ukweli, na nusu ile ndiyo iliyomliza. Pesa zile tulichanga ukoo mzima tukazilipa. Lakini aliacha uweka hazina, na mpaka leo hajakubali kurudi. Zaidi ya pesa, alipoteza ile hali ya kuaminiwa, na yeye mwenyewe ndiye aliyejinyima.

Sasa sikilizeni. Mwizi yule hakutumia akili bandia. Alitumia maneno machache ya kuandika, na Kiswahili chake kilikuwa kibovu. Mmoja wa akina mama hakutuma, kwa sababu alisema, "Huyu haandiki kama Bi mkubwa wetu." Mtindo wa maandishi ndio uliomwokoa.

Leo mwizi wa namna hiyo anaweza kuilisha mashine meseji za zamani, ikaandika kama yeye. Na si maandishi tu. Januari 2023 watafiti wa Microsoft walionyesha mashine inayoiga sauti ya mtu baada ya kusikia sekunde tatu tu. Sekunde tatu ni "assalaam aleikum, habari za asubuhi". Mwaka 2024 huko Hong Kong mfanyakazi wa kampuni ya uhandisi Arup aliingia mkutano wa video, akamwona mkuu wake wa fedha na wenzake, akawasikia. Wote walikuwa wa bandia. Akatuma pesa mara 15, jumla yake dola milioni 25 za Kimarekani. Hakuna kufuli lililovunjwa. Mtu mwaminifu alifungua mlango kwa mkono wake, kwa sababu alidhani anamtii mkubwa wake.

Hapa ndipo nauona ubaya wenyewe. Zamani sauti ilikuwa ushahidi. Mama akisikia sauti ya mwanawe aliyeko Doha au Jeddah, hahitaji namba ya siri. Sauti ile ilikuwa ndiyo kufuli na ndiyo ufunguo. Kufuli hilo, tofauti na AES, kweli limevunjika.

TUFANYE NINI

Sikuja kuwatisha nikawaacha. Kuna mambo machache, na hayahitaji elimu ya hesabu.

Kwanza, kila nyumba iwe na neno lake. Neno moja ambalo halijaandikwa kwenye simu wala kutumwa kwenye grupu. Limetamkwa uso kwa uso tu. Liwe jina la paka aliyekufa zamani, au jina la utani la babu. Mtu akipiga kwa sauti ya mwanao akilia kwamba amekamatwa au yuko hospitali, muulize neno. Akikasirika, muulize tena. Mtoto wako wa kweli atalitaja.

Pili, sauti ikiomba pesa, kata simu. Kisha piga wewe kwa namba uliyokuwa nayo siku zote. Si utovu wa adabu. Tuwafundishe hata wazee kwamba si utovu wa adabu.

Tatu, namba zozote zinazoingia kwenye simu yako kwa meseji ni ufunguo wako. Hata akiomba kakako, hata akiomba anayejiita mfanyakazi wa benki, usimpe. Na kwenye WhatsApp, ingia kwenye mipangilio uweke ile namba ya pili ya siri. Shangazi angekuwa nayo, zile namba sita peke yake zisingemtosha mwizi kuiteka akaunti yake.

Nne, paswadi iwe ndefu. Mashine zimejifunza mtindo wetu kutokana na mamilioni ya paswadi zilizovuja. Zinajua tunaanza na herufi kubwa, tunaweka jina la mtoto, tunamalizia na mwaka wa kuzaliwa. Weka maneno manne au matano yasiyohusiana. Na namba ya siri ya pesa isiwe 1234 wala mwaka wako.

Tano, usiiambie mashine ya akili bandia siri ambayo si yako. Ukiiandikia, yule unayezungumza naye ni kampuni. Kufuli la njiani haliifungi ile nyumba unayopeleka. Siri ya mgonjwa, ya mke, ya mteja wako, hizo ni amana ulizopewa.

Na la mwisho ni lenu nyinyi vijana. Kabla ya Idd, kila mmoja wenu amkalishe mzee mmoja. Baada ya futari, mkiwa mmeshiba na roho zimetulia, chukua simu ya mamako, nyanyako, au mzee wa jirani asiye na mtoto. Mwekee ile namba ya pili. Mwambie habari ya neno la nyumbani. Usimwambie "imefungwa, usiwe na wasiwasi" kama nilivyosema mimi. Mwambie, "Kufuli ni zuri, lakini watakutafuta wewe."

MASWALI

Swali la kijana: Nimesikia kuna kompyuta za kwanta ambazo zitavunja kila kitu. Hizo si ndizo akili bandia?

Jibu: Hapana, ni vitu viwili mbalimbali, na watu huvichanganya. Mwaka 1994 mwanahesabu Peter Shor alionyesha kwamba kompyuta ya kwanta ikiwa kubwa ya kutosha itavunja aina fulani ya makufuli, kama RSA ya mwaka 1977, ambayo hutumika kubadilishana funguo na kutia saini. AES haiathiriki vile. Kompyuta kubwa kiasi hicho bado haijatengenezwa. Lakini mtu anaweza kuhifadhi leo meseji asizoweza kuzisoma, akangojea siku hiyo. Ndiyo maana Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani ilitoa makufuli mapya rasmi matatu ya kukabili jambo hilo, na programu kubwa zimeanza kuhamia huko. Kazi hiyo ni ya wahandisi. Na ningependa baadhi yao watoke katika safu hizi. Aliye kidato cha nne asikimbie hesabu.

Swali la dada: Kama WhatsApp imefungwa, ni kweli hakuna anayejua mambo yangu?

Jibu: Maneno yako hayasomeki njiani. Lakini kampuni inajua nani anamwandikia nani na saa ngapi, na hilo peke yake husema mengi. Pia angalia nakala zinazohifadhiwa nje ya simu. Tangu 2021 unaweza kuzifungia nazo, lakini lazima uwashe mwenyewe. Na usisahau upande wa pili. Uliyemwandikia anaweza kumwonyesha mwenzake. Hakuna hesabu ya kumfunga mdomo mtu.

Nimalizie. Wiki iliyopita nilikwenda kufuturu kwa shangazi. Alipigiwa simu nikiwa pale, mtu akajitambulisha kuwa ni mimi, ati nimebadilisha namba. Shangazi akanitazama nikitafuna sambusa mbele yake, akamuuliza yule mtu, "Haya, nitajie neno." Simu ikakatwa. Akaiweka chini, akaniambia, "Hilo ndilo kufuli uliposahau kunipa." Nikamwomba msamaha kwa mara nyengine.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu aleikum warahmatullahi wabarakatuh.